"Nichome Ile Kali, Daktari"

Nikiisikia kauli hiyo tena wiki hii nitaiandika mlangoni. Mgonjwa ana ugonjwa wa Ménière wa miaka, yaani maradhi ya sikio la ndani yanayoleta mashambulio ya kizunguzungu, kapunguza chumvi, kameza vidonge vya betahistini, na kizunguzungu bado kinamlaza kutwa nzima akitapika. Tunafika kwenye sindano ya sikio. Naeleza kuwa ziko mbili, ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, na ya jentamaisini, dawa ya kuua bakteria. Sijamaliza, shemeji aliyemsindikiza kutoka Ngamiani keshakata shauri: steroidi ni ya kutuliza tu, inayoponya ni jenta. Tanga dawa isiyouma wala kuchoma haihesabiwi kuwa dawa.

Basi tuseme ukali wenyewe ni upi. Jentamaisini ni sumu kwa chembe hai zenye vinyweleo za sikio la ndani, zile zinazohisi mwendo wa kichwa. Tunaipitisha kwenye kiwambo cha sikio, inatuama sikio la kati, inapenya dirisha duara, utando mwembamba unaotenga sikio la kati na la ndani, na kwenda kuua sehemu ya chembe hizo. Kizunguzungu kinapungua kwa sababu sikio lililokuwa likipeleka habari za uongo kwenye ubongo limezibwa mdomo. Ugonjwa uko palepale. Siku chache baada ya sindano wengi huanza kuyumba, wakati ubongo unajifunza kutegemea sikio la pili. Kijana hujifunza upesi. Mzee wa miaka 75 anaweza kukaa wiki nyingi akishika ukuta. Tena chembe za kusikia ni majirani wa karibu wa hizo za mizani, na sumu haibishi hodi nyumba moja tu.

Steroidi haiui kitu. Ikishindwa, inarudiwa, ikishindwa tena, jenta bado ipo. Ukitangulia na jenta, chembe zilizokufa hakuna wa kukurudishia. Na Ménière ina tabia ya kuingia sikio la pili baada ya miaka. Siku hiyo utatamani ungekuwa umelihifadhi la kwanza.

Je, huo ukali una faida ya kufidia yote hayo? Mwaka 2016 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika London na Leicester, Uingereza. Wagonjwa 60 wa Ménière ya sikio moja, ambao dawa za kumeza ziliwashinda, waligawanywa nusu kwa nusu: jentamaisini au methiliprednisoloni, ambayo ni steroidi, sindano mbili zilizopishana wiki mbili, mgonjwa hajui kapewa ipi na daktari naye hajui. Walifuatiliwa miaka miwili. Ukilinganisha miezi 6 ya kabla ya sindano na miezi 6 ya mwisho, kundi la jenta lilishuka kutoka wastani wa mashambulio 19.9 hadi 2.5. La steroidi lilishuka kutoka 16.4 hadi 1.6. Yaani asilimia 87 na asilimia 90. Iko wapi hiyo kali?

Mbishi atasema watu 60 ni wachache, hapakuwa na kundi lililochomwa dawa bandia, na Ménière yenyewe hupoa kadiri miaka inavyokwenda. Atakuwa amesema kweli, nami simpingi. Lakini hata akiyasema yote hayo, jenta bado haijapanda daraja.

Wapo ninaowachoma jenta bila kusita. Ni yule ambaye steroidi imerudiwa ikagoma, usikivu wa sikio hilo umekwisha kuharibika, na sikio la pili ni zima. Au yule anayeangushwa ghafla kama aliyesukumwa, fahamu anazo. Mvuvi wa Mwambani mwenye hali hiyo akiwa ndani ya ngalawa hana muda wa kujaribu jaribu.

Kuna tawi la dhana hii linalonikera kuliko shina lake. Mtu akishasikia jina la dawa anakwenda duka la dawa, ananunua jenta ya ampuli, anachomwa bega au tako, "si ni ileile?" Dawa ni ileile, njia siyo. Ikipita mwilini inafika masikio yote mawili, na figo pia. Akipoteza mizani pande zote mbili, kizunguzungu cha Ménière kitakuwa kumbukumbu nzuri: akitembea dunia inarukaruka machoni, gizani hawezi kusimama sawasawa, na baiskeli, kwa mji huu wa baiskeli, ndiyo basi tena. Jenta ya mwilini ina kazi yake ya kupigana na bakteria hatari. Kizunguzungu hakimo.

Mengine nayapitia haraka.

"Sindano itanirudishia usikivu." Usiitegemee kwa hilo, iwe hii au ile. Tunatibu kizunguzungu.

"Itatoboa ubongo." Sindano ni nyembamba, kiwambo kimetiwa ganzi, daktari anatazama kwa hadubini, na dawa yenyewe haifiki hata mililita moja. Unalala sikio likiwa juu kama nusu saa, huongei wala humezi mate ovyo. Tundu kwa kawaida hujiziba lenyewe.

"Kila nikigeuka kitandani chumba kinazunguka, nataka sindano." Kizunguzungu cha sekunde chache unapogeuka mara nyingi ni vipunje vya chokaa vilivyohama mahali pake sikioni, si Ménière. Tunakulaza, tunakugeuza kichwa kwa utaratibu alioubuni Epley, mara nyingi unatoka umepona. Shambulio la Ménière huchukua dakika 20 hadi saa 12, sikio limejaa na linavuma, na kipimo cha usikivu kinaonyesha upungufu.

"Ni shetani." Ndugu wakitaka kupunga, wapunge, ila sikio waniletee. Hata Paris madaktari waliyaita haya maradhi ya ubongo, mpaka Prosper Ménière alipowaambia mwaka 1861 kuwa chanzo ni sikio.

"Sinarizini nameza kila siku, mwaka wa tatu sasa." Hiyo ni dawa ya kutuliza kizunguzungu, ya siku za shambulio. Ukiimeza daima unauzuia ubongo kujifunza mizani upya, na mzee inaweza kumletea kutetemeka na kukakamaa. Fedha hiyo nunua daftari: tarehe, saa lilipoanza, lilichukua muda gani, sikio lipi lilivuma. Ukija bila daftari, swali la sindano tutaliahirisha.