Jino likiacha kuuma, kazi bado haijaisha

Mgonjwa anafika kliniki kwetu hapa Dodoma kashika shavu, usiku mzima hakulala. Gego limetoboka. Tunampiga ganzi, tunatibu mzizi, tunaziba, tunampa tarehe ya kuja kuvishwa kofia, yaani kifuniko kigumu cha jino. Haonekani. Anakuja baada ya miezi, kipande cha jino kiko kwenye karatasi: lilikatika akila mahindi ya kuchoma. Wengine walikuwa wanafungua soda kwa meno. Hao nawasema kwanza, ndipo nawatibu.

Jino lililotibiwa mzizi haliumi kwa sababu mshipa wa fahamu wa ndani umeondolewa. Nguvu ni suala jingine. Limeoza, kisha nasi tukalichimba. Kuta zilizobaki ni nyembamba, na kila ukitafuna zinasukumwa nje. Likikatika juu ya ufizi, mara nyingi tunaliokoa. Ufa ukishuka kwenye mzizi, tunang'oa.

Kofia, au krauni, hulibana jino pande zote, kama pete ya chuma inavyozuia mpini wa jembe usipasuke. Magego ndiyo huihitaji zaidi. Jino la mbele lililotibiwa mzizi, kama halijaliwa sana, mara nyingi linatosha kuzibwa.

Ili kofia ikae, jino husagwa milimita 1 hadi 2 hivi kuzunguka. Kilichosagwa hakioti tena. Ndiyo maana vijana wa Singida na maeneo mengine yenye maji ya floraidi nyingi, madini ambayo yakizidi hutia meno madoa, wakiniomba kofia kwa sababu ya madoa ya kahawia tu, huwa nasita. Jino lenye madoa lakini imara lina tiba nyepesi zaidi.

Baada ya kusaga tunachukua chapa ya umbo la jino, fundi wa maabara anatengeneza kofia, nawe unaondoka na ya muda. Hiyo haipendi kashata wala pipi za kunata. Siku ya kufunga utauma kikaratasi cha rangi, kinachoonyesha kofia inapogusana na meno mengine. Ukihisi jino limezidi urefu, sema. Usijibu "liko sawa tu, daktari" kwa heshima, halafu ukateseka nyumbani.

Kofia yenyewe haiozi. Kinachooza ni jino pale ukingoni mwa ufizi, kwa hiyo mswaki mara mbili kwa siku na uzi wa meno pale pale. Ikichomoka, usiibandike kwa gundi ya dukani. Ifunge kwenye karatasi safi, uje nayo.