Jiko la Mkaa Chumbani Usiku: Maswali Yanayorudi Kila Kipupwe

Kipupwe kikiingia, Juni hadi Agosti, na hata zile siku za masika mvua inaponyesha usiku kucha, mapokezi ya wagonjwa huwa na picha moja inayojirudia: familia nzima imeamka na kichwa kinauma, wawili wanatapika, na mtoto mmoja haamki. Ukiuliza walilalaje, jiko lilikuwa ndani.

Dar na baridi wapi na wapi?

Usiku wa Julai joto hushuka hadi karibu nyuzi 18 au 19. Kwa mwili uliozoea 30, kwa mzee, kwa mtoto mchanga, hiyo ni baridi. Tena wengi hupanda kwenda Njombe, Makete, Mbeya au Lushoto msibani na likizo, na huko wenyeji hukukarimu kwa jiko chumbani. Kutafuta joto si kosa. Kosa ni kulitafuta kwa mkaa ndani ya chumba kilichofungwa.

Lakini mkaa ukishakolea, ukawa mwekundu, moshi umekwisha. Si salama hapo?

Hapana. Moshi ni kitu kingine na sumu ni kitu kingine. Sumu yenyewe ni gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala koo. Hutoka pale mkaa unapoungua bila hewa ya kutosha, na ndivyo yanavyoungua makaa yaliyorundikana ndani ya jiko, hasa jivu likishayafunika. Moshi angalau unakukohoza hadi utoke nje. Makaa mekundu hayakuamshi.

Hata yakiwa yamebaki makaa mawili matatu ndani ya jivu?

Hapana. Chumba kimoja cha kupanga, mlango una komeo, dirisha la aluminiamu limebanwa, pazia limeshushwa na chini ya mlango kuna kitambaa cha kuzuia mbu: hapo makaa machache yanatosha. Mambo huanza hivi: mvua imeloanisha kibaraza, jiko likaingizwa ndani ili maharage yaive, saa nne sufuria ikaepuliwa, jiko likaachwa pembeni likaushe nguo za mtoto, watu wakalala. Hakuna aliyeona moshi.

Nikiacha dirisha wazi kidogo, au nikiweka beseni la maji karibu?

Maji hayanyonyi gesi hii. Tafadhali, hili la beseni liishe. Dirisha lililoachwa kidogo nalo huwezi kulitegemea: upepo ukitulia gesi inabaki mle mle, na ukisikia baridi usiku utalifunga mwenyewe. Jiko likae nje. Likiwa linawaka, likiwa limekolea, likiwa linafifia, likae nje.

Gesi hii inamfanyaje mtu?

Inang'ang'ania chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Unapumua kama kawaida, lakini ubongo na moyo havipati oksijeni. Aliyelala hupoteza fahamu bila kuamka.

Mzazi aliyejifungua lazima apate joto. Bibi amesema jiko liwe chini ya kitanda.

Shikamoo bibi, na hapana bibi. Mzazi na mtoto ndio wanaofungiwa ndani muda mrefu kuliko wote, mchana na usiku, na mtoto mchanga ni mwepesi kudhurika. Kama ni kukandwa, chemsha maji nje, uyaingize yakiwa kwenye ndoo, na yasiwe ya kuunguza. Mjamzito naye asikae karibu na jiko ndani, kwa sababu gesi inavuka hadi kwa mtoto aliye tumboni.

Nitajuaje kama ni jiko au malaria?

Jiko huleta kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea na kuchanganyikiwa, bila homa. Dalili kubwa ni kwamba mnaumwa wengi kwa pamoja, na mkitoka nje mnapata nafuu. Msinunue dawa za malaria mkarudi kulala chumba kile kile.

Tukimnywesha mgonjwa maziwa si yatatoa sumu?

Hapana. Maziwa yanaingia tumboni, na sumu iko kwenye damu, imeingilia mapafuni. Aliyelegea ukimnywesha maziwa yanaweza kupita njia ya hewa yakampalia. Hakuna maziwa, hakuna maji ya limao, hakuna "mwacheni alale kwanza, ataamka tu". Saa mnazopoteza mkingoja aamke ndizo ubongo wake unazoharibika. Dawa ya gesi hii ni oksijeni, na oksijeni haiuzwi duka la dawa la mtaani.

Basi nikimkuta amezimia nianze na nini?

Acha mlango wazi kabisa, ingia, mvute nje. Usikae ndani kutafuta simu au kuzima jiko. Akiwa anapumua mlaze ubavu. Kama hapumui, anza kumkandamiza kifua katikati, kwa nguvu na haraka, huku mwenzako akitafuta usafiri au akipiga 114 ya Zimamoto na Uokoaji. Nendeni hospitali, kwa Dar mfano Amana, Temeke au Mwananyamala, yoyote iliyo karibu. Wachukueni wote waliolala humo, hata anayesema yuko sawa. Na mkifika mseme mapema: "Tulilala na jiko la mkaa ndani." Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinaweza kusoma asilimia 98 wakati mtu ana sumu, kwa kuwa hakitofautishi gesi hii na oksijeni. Kwa hewa ya kawaida huchukua saa 4 hadi 6 gesi ipungue nusu; kwa oksijeni ya barakoa, kama saa moja na nusu. Baada ya kuruhusiwa, akianza kusahausahau au kubadilika tabia hata wiki kadhaa baadaye, arudi.

Sasa tupate joto vipi bila kumaliza umeme wa LUKU?

Pasha mwili, usipashe chumba. Hita ya wati 2000 ikiwaka saa 8 inakula uniti 16. Birika la umeme la lita moja na nusu likichemka mara moja halifikii robo ya uniti. Jaza mfuko wa mpira wa maji ya moto theluthi mbili, maji yakiwa yamepoa kidogo, bana hewa itoke, uzungushie khanga, uweke miguuni robo saa kabla ya kulala. Chupa ya plastiki ya maji ya dukani usitumie, inalainika na kuunguza.

Godoro likiwa sakafuni, tandika mkeka na maboksi chini yake, maana saruji inanyonya joto la mwili. Vaa soksi. Ziba upande unaopuliza upepo, acha wa pili wazi.

Mtoto mchanga avishwe kofia na soksi, akae kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja, uso wake ukiwa wazi. Asiogeshwe saa 24 za kwanza. Joto lake liwe kati ya 36.5 na 37.5, likishuka chini ya hapo na halipandi kwa kubebwa hivyo, au amekataa kunyonya, mpelekeni kituo cha afya.

Nguo zake zisizokauka zipige pasi ya umeme: wati 1000 kwa dakika 10 hazifiki robo ya uniti. Pasi ya mkaa itumieni uani.