Pinotage na mbuzi choma: anzia kwenye friji

Kuna harusi moja hapa Kisumu ambayo sijaisahau. Kazi yangu ilikuwa kumimina mvinyo, na aliyepanga meza alikuwa ameziweka chupa za Pinotage, mvinyo mwekundu wa Afrika Kusini, kando ya jiko la choma: mkaa upande huu, jua la saa nane upande ule. Mzee mmoja wa upande wa bibi harusi akaonja, akaniita pembeni. "Kijana, hii umeitoa duka la dawa?"

Hakukosea. Mvinyo mwekundu ukipata joto, pombe ndiyo inayotangulia puani na tunda linapotea kabisa. Nilitumbukiza chupa 3 kwenye karai la barafu, katikati ya soda za watoto, na baada ya dakika 20 nikampelekea mzee glasi nyingine. Hakusema neno. Aliinyoosha tu iongezwe.

Tumefundishwa kwamba mvinyo mwekundu hunywewa ukiwa na joto la chumba. Chumba cha nani? Usemi huo umetoka kwenye nyumba za Ulaya za kuta nene na baridi. Sebule ya Kisumu mchana hufika nyuzi 30. Pinotage huipenda nyuzi 15 au 16. Nusu saa kwenye friji yatosha, mpaka chupa ikiguswa iwe kama mtungi wa maji uliokaa kivulini.

Zabibu yenyewe imezaliwa Afrika. Mwaka 1925, Abraham Perold, profesa wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, alizichanganya zabibu mbili za Ufaransa: Pinot Noir, yenye kudeka, na Cinsaut, isiyotishwa na jua. Cinsaut huko Cape iliitwa Hermitage, na ndipo jina Pinotage likapatikana. Alipata mbegu 4 tu, akazipanda kwenye bustani ya nyumba yake. Mwaka 1927 akahama kazi, bustani ikamezwa na magugu, chuo kikatuma vibarua kuifyeka. Mhadhiri kijana, Charlie Niehaus, alikuwa akipita na baiskeli; alijua kilichopandwa pale, akaiokoa miche. Hebu fikiria angepitia njia nyingine siku ile! Mvinyo wa kwanza ulitengenezwa mwaka 1941, na jina Pinotage likaonekana kwenye lebo mwaka 1961, chupa za chapa ya Lanzerac.

Sifa yake mbaya pia ina chanzo. Mvinyo wake ukiachwa uchachuke kwa haraka na kwa joto kali, hutoa harufu ya rangi ya kucha na ndizi iliyoiva kupita kiasi. Ukikutana na chupa ya hivyo, si pua yako yenye shida. Ile yenye ladha ya kahawa nayo haina kahawa. Ladha hiyo hutoka kwenye mbao za mwaloni zilizobanikwa sana, ambazo mvinyo hukaa nazo. Wateja wangu wengi huipenda. Mimi siagizi.

Iliyotengenezwa vizuri ina plamu, moshi kidogo, na ukakasi wa chai ya rangi iliyokolea. Ukakasi huo ndio unaotafuta mafuta na chumvi. Mbavu za mbuzi zikitoka kwenye makaa, mafuta yakiwa bado yanachemka pembeni, chovya kwenye chumvi, tafuna, kisha unywe: kinywa kinalainika na tunda linajitokeza. Kinachoniridhisha zaidi, hata hivyo, ni aliya, ile nyama iliyokaushwa kisha ikapikwa taratibu kwa maziwa na samli. Moshi wa nyama na moshi wa mvinyo vinajuana. Kuku wa kienyeji wa mchuzi mzito, ule wanaouita ingokho kule Kakamega, pia anafaa, mradi pilipili isizidi, maana pilipili huwasha pombe koo zima.

Samaki mzima wa ufukweni, hapana. Mafuta ya samaki na mvinyo mwekundu huacha ladha ya chuma, kama umelamba kijiko. Agiza mweupe au bia baridi. Osuga, yaani mnavu, isiyotiwa maziwa iache pia, uchungu juu ya uchungu.

Chupa ikibaki nusu, izibe uirudishe kwenye friji. Siku 3 bado inanyweka. Ya nne naimwaga kwenye sufuria ya mbuzi, vitunguu vikishageuka rangi.