Aliyetupwa na aliyepwelewa: kumsoma nyangumi ufukweni

Kusi likishika, simu yangu huanza kulia alfajiri. "Dada, kuna nyangumi kapwelewa huku kwetu, fanya haraka." Mara nyingi wanaomwona wa kwanza ni akina mama waliotoka kuchokoa pweza bamvua likipwa. Swali langu la kwanza huwa moja: anapumua?

Sisi watu wa pwani tuna neno letu kwa jambo hili. Chombo hupwelewa maji yanapokupwa yakakiacha juu ya mchanga. Nyangumi aliyepwelewa alifika akiwa hai. Aliyetupwa alifia baharini, mawimbi yakamleta. Kwa muda niliofanya kazi ya mamalia wa baharini kati ya Kilwa na mdomo wa Ruvuma, kusini mwa Tanzania, nyangumi wakubwa nilioitiwa walikuwa karibu wote wametupwa. Wanaopwelewa zaidi ni pomboo. Ukichanganya hayo mawili, utapoteza nusu siku ukimwagia maji mzoga, au utamkata mnyama ambaye bado roho yake ipo.

Wakubwa tunaowaona huku ni nyangumi wa nundu. Hula viumbe wadogo sana wanaofanana na kamba kwenye maji baridi ya Antarktika, kisha majira ya kipupwe hupanda kuja kuzaa kwenye maji yetu ya uvuguvugu. Mama hukaa hapa akiishi kwa mafuta ya mwilini mwake, huku akimnyonyesha mtoto aliyezaliwa na urefu wa mita 4 hivi na uzito unaokaribia tani moja. Na pwani hii ina jambo lake. Mkondo mkubwa unaotoka upande wa Madagaska huja kugonga bara karibu na Rasi Delgado, hapa jirani, ukagawanyika: mkono mmoja unapanda kaskazini, mwingine unashuka Msumbiji. Kina kirefu nacho hakiko mbali na ufukwe. Mzoga ukijaa hewa ukaelea huko nje, mkondo unaubeba na kusi linausukuma. Kwa hiyo ufukwe alipokutwa haukuambii alikofia.

Mwaka mmoja niliitiwa mtoto wa nyangumi kaskazini mwa Mikindani. Nilikuta watu wamejaa, wengine na mapanga, wengine na madumu ya kukusanyia mafuta ya kupaka vyombo kama sifa, yale mafuta ya maini ya papa. Nahodha mmoja mzee alikuwa amekaa pembeni. Nikamwamkia shikamoo, nikamwuliza anaonaje.

"Marahaba, mwanangu. Huyu hakupwelewa, katupwa. Tazama mchanga."

Nikautazama. Mnyama aliyefika hai hupigapiga mkia, huchimba mtaro ubavuni, hujichubua kidevu na tumbo mpaka damu itoke. Pale mchanga ulikuwa umetulia. Alikuwa amelala chali, mifereji ya koo imeelekea juu, ulimi umevimba kama puto hadi nje ya mdomo. Ngozi nyeusi ilikuwa imebanduka ikaacha weupe, ndiyo maana vijana walikuwa wakipiga kelele kwamba ni nyangumi mweupe. Papa walikuwa wamemng'ata, alama za nusu mwezi ubavuni, lakini kingo zake zilikuwa safi, hazina damu iliyovilia. Hao walikuja akiwa ameshakufa.

Kisha mzee akaweka kidole kwenye pembe ya mdomo. Palikuwa na mfereji wa upana wa kidole gumba, umezunguka hadi kwenye shina la bawa, na chini ya ngozi damu imevilia nyeusi. Damu huvilia kwenye mwili ulio hai. "Kamba hii kaivuta akiwa mzima," akasema, akanyamaza kitambo. Yeye mwenyewe anavua kwa jarife, wavu wa kunasia samaki wakubwa.

Nilipomaliza kupima upande ule na kuzunguka wa pili, wa pili ulikuwa umeshakatwa. Kama kulikuwa na alama nyingine, iliondoka ndani ya ndoo. Hilo linaniuma mpaka leo.

Si kila kifo ni cha nyavu. Aliyegongwa na meli anaweza kuonekana mzima kwa nje, mpaka umpasue ndipo ukute mfupa uliovunjika. Kelele za baharini nazo zipo. Mwaka 2008, kaskazini magharibi mwa Madagaska, takriban nyangumi 100 wa aina ndogo ya maji ya kina waliingia kwenye hori la Loza wakafa kwa wingi. Jopo la wanasayansi lilisema mwaka 2013 kwamba chanzo kinachoelekea zaidi ni mitambo ya sauti iliyokuwa ikipima sakafu ya bahari. Sisi wenye gesi Ghuba ya Mnazi na Songo Songo tuna sababu ya kulifuatilia hilo. Lakini Aprili 2006 pomboo zaidi ya 400 walikufa Nungwi, Unguja, na uchunguzi haukupata chanzo kimoja cha hakika. Kwa hiyo mtu akiniambia "ni gesi tu" kabla hajauona mzoga, simkubalii.

Ukimkuta pomboo hai, usimvute mkia. Unaweza kumtengua uti wa mgongo. Mweke kifudifudi, chimba mashimo chini ya mabawa yake, mfunike khanga mbichi, mtilie kivuli cha tanga. Tundu lake la pua liko juu ya kichwa: lisiingie maji wala mchanga. Zuia kelele, subirini maji yajae. Nyangumi mkubwa aliye hai hamumwezi. Uzito wake wenyewe unamponda mapafu akiwa nchi kavu. Kaeni mbali na mkia wake.

Akiwa amekufa, msimguse kwa mikono mitupu na msile nyama yake, kwani mizoga hii hubeba vijidudu vinavyoambukiza binadamu. Mpigieni afisa uvuvi, au watu wa hifadhi ya bahari kama mko upande wa Msimbati. Kabla ya panga lolote, mpigeni picha ubavu wote, pembe za mdomo, na mkia kwa upande wa chini, maana madoa ya pale hayafanani kati ya nyangumi na nyangumi. Lazeni kasia kando yake ili urefu uonekane. Na mpigeni pande zote mbili.