Kusoma utafiti wa tiba huku unapiga zamu: yanayosemwa wodini na yalivyo kweli

Mhudumu wa afya akitangaza kwamba anataka kusoma shahada ya uzamili ya utafiti wa tiba bila kuacha kazi, washauri hawakosi. Mmoja atamwambia hiyo kozi ni ya maprofesa. Wa pili atasema ni ya madaktari peke yao. Wa tatu atacheka na kumuuliza, utalala saa ngapi? Swali la huyo wa tatu ni la haki, na nitalijibu kwa hesabu. Mengi ya yaliyobaki hayana mashiko, na moja kati yake linaweza kumdhuru mgonjwa. Naanza nalo.

"Utafiti ni wa maabara, sisi wa wodini kazi yetu ni kutibu"

Hapa watu wanamfikiria mtu mwenye koti jeupe aliyeinamia hadubini. Utafiti wa tiba, kwa sehemu kubwa, hufanyika palepale kitandani: unachukua jambo linalofanywa kila siku na kuuliza kama kweli linamsaidia mgonjwa. Jibu likija, wakati mwingine linatisha.

Chukua jaribio la FEAST, maana lilifanyika kwetu. Kwa miaka mingi, mtoto mwenye homa kali aliyefika na mikono ya baridi na mapigo dhaifu alipaswa, kwa miongozo iliyoandikwa kwenye nchi zenye vyumba vya wagonjwa mahututi, kusukumiwa maji ya dripu kwa haraka. Mantiki yake ilionekana wazi: damu haizunguki vizuri, basi jaza mishipa. Kuanzia 2009, timu iliyoongozwa na Kathryn Maitland, daktari wa watoto anayefanya kazi Kilifi, iliamua kulipima jambo ambalo kila mtu alidhani linajulikana. Hospitali zilikuwa sita: Kilifi kwa upande wa Kenya, Mulago, Mbale, Soroti na Lacor kule Uganda, na Teule ya Muheza, mkoani Tanga. Watoto 3,141 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilisukumiwa maji yenye albumini, protini ya damu, la pili maji ya chumvi, la tatu halikusukumiwa chochote kwa haraka, ila lilipata dawa na huduma nyingine kama wenzao.

Mpango ulikuwa kufikisha watoto 3,600. Haukufika. Mwanzoni mwa 2011 kamati huru ya kufuatilia usalama ilitazama takwimu na kushauri uandikishaji usimamishwe. Ndani ya saa 48, kundi la albumini lilipoteza asilimia 10.6 ya watoto, la maji ya chumvi asilimia 10.5, na lile ambalo halikusukumiwa maji lilipoteza asilimia 7.3. Tiba iliyoaminiwa ndiyo iliyoongeza vifo.

(Watoto wenye utapiamlo mkali na wanaoharisha hawakuingizwa kwenye jaribio hili, kwa hiyo asitokee mtu akasoma hapa halafu akamnyima maji mtoto wa kipindupindu.)

Waliolifanikisha walikuwa watu wa zamu. Wauguzi na madaktari ndio waliompokea mtoto usiku, wakampima, wakafungua bahasha ya kundi lake, na wakazungumza na mama ambaye hakuwa katika hali ya kusoma karatasi ya kurasa kadhaa. Hali ilipokuwa mbaya sana, mzazi aliombwa ridhaa ya mdomo kwanza; maelezo kamili na saini vikafuata baadaye. Je, hilo ni halali? Kwa masharti gani? Nani alipitisha? Maswali ya namna hiyo ndiyo yanayojaza masomo haya, na mtu asiyewahi kusimama wodini atayajibu kwa nadharia tu.

"Hesabu zitanishinda"

Tubaki hapohapo Muheza na Mbale, kwa sababu FEAST inaeleza takwimu vizuri kuliko vitabu vingi. Tofauti kati ya waliosukumiwa maji na wasiosukumiwa ilikuwa kama vifo vitatu katika kila watoto mia. Sasa fikiria hospitali moja ya wilaya imeamua kujaribu yenyewe, watoto 30 huku na 30 kule. Kwa viwango vilevile, upande mmoja wangekufa kama watatu, upande wa pili kama wawili. Nani angebadilisha tiba kwa tofauti ya mtoto mmoja? Wangesema ni bahati mbaya, na wangekuwa na haki ya kusema hivyo, maana namba hiyo ndogo haiwezi kutofautisha bahati na madhara. Daktari mzoefu wa miaka ishirini naye asingeiona kwa macho, kwa sababu wodi yake haimpi watoto wa kutosha wanaofanana, wala kundi la kulinganisha.

Hiyo ndiyo sehemu kubwa ya takwimu utakayofundishwa: washiriki wangapi wanahitajika ili tofauti ya ukubwa fulani ionekane, kwa nini wagawanywe kwa bahati nasibu badala ya kuchaguliwa na daktari, na matokeo yanaweza kuaminiwa kwa kiasi gani. Kukokotoa kwenyewe hufanywa na programu ya kompyuta. Aliyeweza kupiga hesabu ya dozi ya mtoto kwa kilo saa tisa za usiku ana hesabu ya kutosha kuanzia. Kinachowaangusha wanafunzi wengi, kwa maoni yangu, ni kuandika. Kuandika aya inayosema jambo moja kwa uwazi, pamoja na ushahidi wake, ni kazi ambayo fomu za wodini hazikutufundisha.

"Majaribio ni biashara ya kampuni za dawa"

Mengine ndiyo, na kampuni zinaajiri watu wengi wenye elimu hii. Ila FEAST haikuwa ikiuza chochote. Vivyo hivyo jaribio la RECOVERY la Uingereza, lililoanza Machi 2020 na kufikia Juni likaonyesha kwamba deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei ya chini, hupunguza vifo kwa karibu theluthi moja kwa wagonjwa wa UVIKO-19 waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia. Hakuna kampuni iliyokuwa na hamu ya kutumia fedha kuthibitisha dawa ambayo kampuni yoyote inaweza kuitengeneza. Maswali ya aina hiyo yasipoulizwa na wahudumu wenyewe, hayaulizwi.

"Ukisoma kwa sehemu ya muda, huku unafanya kazi, unapata shahada nusu"

Hapa ndipo hesabu ya usingizi inapoingia. Shahada ya uzamili kwa mfumo wa Uingereza ina krediti 180, na krediti moja inahesabiwa kuwa saa 10 za kusoma, ikijumuisha mihadhara, mazoezi na kazi za nyumbani. Jumla ni saa 1,800, uwe umekaa bwenini mwaka mzima au unasoma ukitoka zamu. Anayesoma kwa sehemu ya muda hasomi kidogo, anasambaza. Kwa mfano, shahada ya majaribio ya tiba inayotolewa kwa masafa, yaani bila mwanafunzi kuhamia chuoni, na chuo cha London School of Hygiene and Tropical Medicine huchukua miaka 2 hadi 5. Ukiimaliza kwa mitatu ni saa 600 kwa mwaka, yaani takriban 12 kwa wiki. Kwa mitano ni karibu saa 7 kwa wiki.

Saa 12 kwa wiki ni saa mbili kila siku na Jumapili ya kupumzika, na hapo hujaweka zamu za usiku, mtoto mgonjwa, wala msiba wa kijijini. Mimi ningemshauri mtu mwenye familia na zamu za kuzunguka aanze kwa mwendo wa miaka minne au mitano, aongeze kasi akiona anaweza. Pia kuna ngazi: krediti 60 hutoa cheti cha uzamili, 120 stashahada ya uzamili. Kwa vyuo vinavyotoa ngazi hizo, mtu akikwama katikati anaweza kuondoka na kitu mkononi. Anayeapa kwamba atamaliza yote kwa miaka miwili huku akifanya kazi sehemu mbili, simkatazi, ila nitamuuliza tena baada ya miezi sita.

"Ni ya madaktari"

Si kweli. Jaribio la dawa haliendi bila mfamasia anayetunza dawa zilizofichwa majina na kuhesabu kila kidonge kilichotoka na kilichorudi, mtaalamu wa maabara anayejua sampuli ilikaa kwenye baridi ya kiasi gani, na muuguzi ambaye mshiriki anamwamini kiasi cha kumwambia kwamba dawa ameacha kunywa. Wote hao hupokelewa kwenye masomo haya. Kikwazo cha kweli ni kiwango cha elimu: vyuo vingi vinataka shahada ya kwanza, kwa hiyo tabibu au muuguzi mwenye stashahada mara nyingi atalazimika kuipata hiyo kwanza.

"Nina cheti cha GCP, kinatosha"

Mafunzo ya utendaji bora wa utafiti wa tiba, ambayo wote huyaita GCP, ni ya lazima kwa anayegusa jaribio. Yapo ya bure mtandaoni, mfano yale ya The Global Health Network, na huchukua saa chache. Yanakufundisha kuendesha gari lililokwisha kuundwa: kulinda mshiriki, kujaza kumbukumbu, kuripoti madhara. Kubuni swali, kuchagua kipimo cha matokeo, kukadiria idadi ya washiriki, hayo hayamo. Halafu cheti chenyewe huchakaa. Mwongozo wa kimataifa unaokitegemeza, ICH E6, ulipata toleo la tatu la marekebisho Januari 2025, na aliyesoma zamani ana ya kujifunza upya.

"Wagonjwa ni wangu, tasnifu nitaifanyia palepale"

Hii imewaponza wengi. Kumtibu mtu hakukupi haki ya kuligeuza faili lake kuwa data. Tanzania Bara kuna kamati za maadili za taasisi na ile ya taifa iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba. Zanzibar wana yao, ZAHREC. Kenya unapita kamati iliyoidhinishwa kisha leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Utafiti ukihusisha kujaribu dawa, mamlaka za dawa nazo zinaingia, TMDA kwa Tanzania na Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya. Kibali hutakiwa kabla ya kukusanya data, na hakitolewi kwa kurudi nyuma. Ukichelewa kuomba, muhula unapita ukiwa unasubiri barua.

Tena ni nadra tasnifu ya uzamili kuwa jaribio la dawa. Hakuna muda, bima wala fedha za kulifanya vizuri. Wengi huchambua data zilizokwisha kukusanywa, hupitia tafiti zilizochapishwa kwa utaratibu maalumu, au huandika itifaki, yaani mpango kamili, ya jaribio ambalo lingeweza kufanyika. Wapo wanaoona hiyo ya mwisho kama kukwepa kazi; waliowahi kuiandika hawasemi hivyo.

"Nikihitimu nitakuwa bingwa, na mshahara utapanda"

Ubingwa wa udaktari una njia yake, na shahada ya utafiti haimo humo. Mwenye shahada ya uzamili (MSc) ya utafiti wa tiba hawi daktari bingwa wa watoto hata kama tasnifu yake yote ilihusu watoto. Milango inayofunguka ni mingine: mratibu wa utafiti, mfuatiliaji wa majaribio anayezunguka vituo, msimamizi wa data, mjumbe wa kamati ya maadili, mwanafunzi wa uzamivu. Ifakara na Bagamoyo, Moshi, Kilifi, Kisumu na Entebbe kuna taasisi zinazoishi kwa kazi hizo, ingawa mikataba yake mara nyingi hufuata uhai wa mradi.

Kwa mtumishi wa umma, kupanda hutegemea muundo wa kada yake, na shahada isiyotajwa humo inaweza kukaa kwenye faili bila kubadilisha chochote. Muulize ofisa utumishi kabla ya kulipa ada, na upate ruhusa ya kusoma kwa maandishi. Chuo kikiwa cha nje, ulizia pia utambuzi wa tuzo zake kwenye tume ya vyuo vikuu, TCU kwa Tanzania au CUE kwa Kenya, ukitaja wazi kwamba unasoma kwa masafa. Kuhusu ada, Tume ya Ufadhili ya Jumuiya ya Madola ya Uingereza ina ufadhili wa masomo ya masafa unaolipia ada, lakini ni kwa kozi zilizochaguliwa tu, kwa hiyo angalia orodha ya mwaka husika kabla ya kuchagua chuo.