Kwa nini Shujaa hawafiki tunakowatarajia

Vijana wa hapa Kigoma walioanza kufuatilia raga kwenye simu zao huniuliza swali moja: Shujaa, timu ya Kenya ya raga ya wachezaji saba, ina wachezaji wenye mbio namna ile, mbona haifiki mbali? Wengi wao ni watu wa soka, wale wa kwenda Uwanja wa Lake Tanganyika kuishangilia Mashujaa, na huja na jibu lao mkononi, kwamba Wakenya hawana moyo wa mechi kubwa. Kazi yangu ni kuandaa miili ya wanamichezo. Jibu hilo silikubali hata kidogo.

Tuanzie pale matumaini yalipozaliwa. Aprili 2016, huko Singapore, Kenya iliicharaza Fiji 30-7 kwenye fainali na kutwaa kombe lake la kwanza katika mfululizo wa dunia wa raga ya wachezaji saba. Kocha alikuwa Benjamin Ayimba, ambaye sasa ni marehemu. Mwezi uliofuata, jijini London, Collins Injera akawapita wote waliowahi kufunga trai, yaani kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, katika mashindano hayo hadi wakati huo. Nani hakuiona medali ya Olimpiki ikija? Agosti ikafika, Rio, na Kenya ikapoteza mechi zote tatu za kundi lake. Ilimaliza ya 11 kati ya timu 12. Fiji, ileile iliyochapwa Singapore, iliifunga Uingereza 43-7 kwenye fainali na kuondoka na dhahabu.

Ukiyatazama matokeo ya msimu mzima, kilichotokea Rio hakishangazi sana. Msimu ule ulikuwa na mashindano 10, na bingwa wa kila shindano alipewa pointi 22. Kenya ilimaliza ya 7, na takribani moja ya tano ya pointi zake zote ilitoka Singapore, wikiendi moja tu. Mvuvi wa dagaa pale Kibirizi anajua kuna usiku wa giza ambao ziwa linajaza mtumbwi, lakini hakopi fedha ya mashine mpya kwa kutegemea usiku huo. Fiji walikuwa mabingwa wa msimu huo na wa msimu uliotangulia. Kupoteza fainali moja hakukuwaondolea kitu, kwa sababu ubora wao ulikuwa wa kila wiki.

Kwa nini basi ubora wa Kenya haukuwa wa kila wiki? Hapa nawaomba watu wa soka wanisikilize vizuri, maana mchezo huu una ukatili wake. Mechi ni dakika 14, saba kwa saba, lakini uwanja ni uleule wanaochezea watu 15 kwa 15. Timu iliyofunga ndiyo inayopiga mpira wa kuanzia, hivyo wapinzani wakiudaka wewe unarudi kukaba, na wewe ukiudaka tena baada ya kufunga, mpinzani wako anaweza kumaliza kipindi kizima hajaugusa. Kadi ya njano inamtoa mchezaji kwa dakika 2, yaani moja ya saba ya mechi. Halafu siku hiyohiyo unarudi uwanjani mara ya pili, pengine ya tatu, na kesho yake tena.

Kwenye mechi za mwisho mwisho, mbio si kitu cha kwanza kupotea. Mchezaji aliyechoka bado anaweza kukimbia mita 60 akipata nafasi. Kinachotangulia kuondoka ni hatua ndogo za miguu kabla ya kukaba, kuinuka haraka baada ya kuanguka, na uamuzi wa kuruka au kutoruka mpira ukiwa hewani. Watazamaji huviita vitu hivyo moyo. Mimi naviita mazoezi, chakula na usingizi, na havikubali kukatizwa: mwanamichezo akikaa wiki 2 hadi 4 bila mazoezi ya maana, pumzi yake inashuka kwa kiasi kinachopimika.

Ndiyo maana naumia nikisikia suala la posho likiitwa "mambo ya nje ya uwanja". Juni 2018, mjini Paris, wachezaji wa Kenya waliingia uwanjani wakiwa wameifunika nembo ya mdhamini kwenye jezi zao kwa sababu ya mvutano wa posho. Msimu huohuo walikuwa wamecheza fainali mbili, Vancouver na Hong Kong. Mchezaji ambaye hajui kodi ya nyumba italipwaje hapati usingizi unaojenga misuli. Anakula kinachopatikana, siyo kinachotakiwa. Maumivu ya goti anayaficha, maana akikaa nje hana uhakika wa kulipwa.

Ongeza hapo kiti cha kocha. Kuanzia Singapore hadi Mei 2023 kilipita kwa Ayimba, Innocent Simiyu, Paul Murunga, Paul Feeney, Simiyu tena, kisha Damian McGrath. Kila kocha ana mpango wake wa mazoezi, na mwili unahitaji miezi kuuzoea. Mei 2023, kwenye uwanja wa Twickenham jijini London, Kenya ilifungwa 12-7 na Canada na kushuka daraja.

Ilipanda tena mwaka uliofuata. Ukipanga Olimpiki zake tatu unapata nafasi ya 11 Rio, ya 9 Tokyo, ya 9 Paris. Hicho ndicho kipimo chake halisi, na kwa timu iliyopita katika misukosuko hiyo si haba. Kutoka nafasi ya 9 hadi ya 4 kunataka mikataba inayolipa mwaka mzima, kocha mmoja kutoka Olimpiki moja hadi nyingine, na kikosi cha pili kinachofanya mazoezi yaleyale ya kikosi cha kwanza. Mbio wanazo tayari.