Je, wajua kwa nini manukato ya baba hayanukii dukani kama yalivyonukia kwenye koti lake?

Unaingia duka la manukato katikati ya jiji la Nairobi, au Eastleigh, unaomba chupa ileile aliyotumia mzee, unajipulizia mkononi, kisha unasema hii si yenyewe. Huenda ni yenyewe. Umenusa mapema tu.

Viungo vya manukato havipai hewani kwa mwendo mmoja. Ndimu na bergamoti (tunda la jamii ya chungwa) ni vyepesi, kwa hiyo harufu yake huisha ndani ya kama nusu saa. Lavenda na viungo vya chakula kama karafuu hukaa saa kadhaa. Vizito, yaani miski, mti wa sandali na kumarini (kemikali yenye harufu ya majani makavu), ndivyo hubaki hadi jioni. Sasa hesabu: baba hujipulizia alfajiri kabla ya kukimbilia matatu, mtoto humkumbatia saa moja usiku. Mtoto hakariri chupa, hukariri masalio yake, tena yaliyochanganyika na sabuni, jasho na moshi wa barabarani. Koti la sufu huyashika kuliko ngozi, maana joto la mwili huharakisha kupaa.

Na kwa nini baba wengi hunukia kama ndugu? Mwaka 1882 kampuni ya Houbigant ya Paris ilitoa manukato ya Fougère Royale, yaliyotumia kumarini ya maabara, ambayo mkemia Mwingereza William Perkin aliitengeneza mwaka 1868. Kumarini, lavenda na kuvumwani inayoota kwenye magome ya mwaloni zikawa mchanganyiko wa kiume, zikaingia kwenye sabuni za kunyolea na marashi ya kupaka kidevuni baada ya wembe. Manukato ya Brut ya mwaka 1964 ni ya ukoo huo. Old Spice ya wanaume, ya mwaka 1938, ilishika njia ya karafuu na mdalasini.

Kumbukumbu hutujia ghafla kwa sababu taarifa za harufu hufika haraka kwenye sehemu za ubongo zinazoshughulikia hisia na kumbukumbu, bila kupitia kwanza kituo ambacho macho na masikio hupitia.

Wakati mwingine, hata hivyo, chupa imebadilika kweli. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku atranoli na kloroatranoli, zilizomo kwenye kuvumwani hiyo, kwa kuwa husababisha mzio; tangu 2019 bidhaa mpya zenye kemikali hizo haziruhusiwi kuingia soko lake. Watengenezaji wengi walilazimika kurekebisha fomula.

Ukitaka kupima, pulizia kitambaa safi cha pamba, si karatasi peke yake, ukinuse baada ya saa sita. Usijaribu zaidi ya aina tatu kwa siku. Pua huchoka na zote huonekana sawa.

Wanaojichanganyia mafuta ya manukato huweka mililita 5 za mafuta kwenye mililita 25 za ethanoli (aina ya alkoholi) ya asilimia 96, wakafunga chupa na kuiacha gizani wiki mbili hadi nne. Kosa la kawaida ni spiriti ya hospitali: mara nyingi ina maji takriban asilimia 30, mafuta hayayeyuki vizuri na mchanganyiko huwa na ukungu. Spiriti ya kuwashia jiko ni mbaya zaidi, ina methanoli, haifai ngozini.